Takwa na Shanga: piga hesabu ya maji kwanza

Ukitaka kwenda Takwa, usianze kwa kuuliza nauli, uliza maji. Magofu ya mji huo wa kale yako kisiwani Manda, ng'ambo tu ya kijiji cha Shela kilicho kisiwani Lamu, na ukitazama kwa macho utadhani ni mwendo wa kuvuka na kurudi. Lakini njia ya mashua ni kijito kinachopenya katikati ya mikoko, na maji yakipwa kijito hicho ni tope la kuzama mpaka magotini. Wapo wageni wanaokodi boti asubuhi yoyote inayowafaa wao, wakafika, wakapiga picha mbili msikitini, kisha wakaitwa warudi mbio kabla ya kupwelewa. Hao wamelipa nauli nzima ili waone Takwa kwa robo saa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Siku ya mwezi mpevu, na siku mwezi unapofichika kabisa, maji ya Lamu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Bamvua lenyewe huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au kufichika, na hapo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Wiki moja baadaye ni maji mafu, na tofauti hushuka mpaka kama mita moja.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanasikia bamvua wanafikiri ndiyo siku nzuri kwa kuwa maji ni mengi. Ni mengi kweli, lakini hujaa saa kumi jioni, na saa nne asubuhi, saa ambayo mtu amekwisha kunywa chai na yuko tayari gatini, bahari imekauka. Wengine wanachagua siku ambayo maji hujaa saa nne asubuhi, wanaona imewafaa, kumbe hayo ni maji mafu: yanajaa, ila hayajai vya kutosha kuifikisha mashua nzito mwisho wa kijito. Siku nzuri ziko katikati. Kwa wanaohesabu mwezi mwandamo, ni tarehe 10 hadi 12, na tena 25 hadi 27. Siku hizo maji yanaelekea bamvua, yanaongezeka kila kukicha, na hujaa kati ya saa saba kasoro na saa nane na nusu mchana. Hesabu ya kichwani inaweza kupishana kwa nusu saa na zaidi, kwa hiyo itumie kuchagua siku, kisha saa umwachie nahodha: "Shikamoo nahodha, keshokutwa maji yajaa saa ngapi, na Takwa tutaingia mpaka wapi?" Swali la pili ndilo la maana. Nahodha anayejibu haraka "popote" bila kufikiri, mtafute mwingine.

Tena maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Ligawe pando lote mafungu 12: saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kushuka ni hivyo hivyo. Maana yake ni kwamba ukiondoka Lamu muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, robo tatu ya maji imekwisha ingia, na bado una maji yanayopanda ya kukunasua mashua ikigusa mchanga. Ukiondoka Takwa saa moja na robo baada ya kujaa, umepoteza kidogo tu. Ukichelewa mpaka saa mbili au tatu baada ya kujaa, umeingia kwenye yale mafungu matatu matatu, na kina kinakukimbia huku unatazama. Atakayepwelewa hapo atangoja kama muda wa saa nane mpaka mashua ielee tena, na kwa safari ya mchana hiyo ni kurudi usiku, pamoja na mbu na usubi wa mikokoni.

Kwa hesabu hiyo unapata karibu saa mbili na nusu za kukaa Takwa. Zinatosha. Patana bei ya kwenda, kungoja na kurudi kwa pamoja, na useme wazi kama ni boti nzima au ni kichwa kwa kichwa. Ugomvi mwingi wa gatini huzaliwa kwenye neno "kungoja". Kabla hujapanda hakikisha kuna pondo ndani, yaani mti mrefu wa kusukumia mashua, hata kama boti ni ya injini. Kwenye kijito cha mikoko injini huinuliwa, panga lake lisipige mizizi, na hapo kazi ni ya pondo. Majaketi ya kuokolea yahesabu kwa macho yako.

Viatu ni vya plastiki vyenye kamba ya kisigino. Ndara zitabaki topeni. Usikanyage peku, kwani mizizi ya mikoko huota chaza, na ganda la chaza hukata kama wembe, tena kidonda cha tope la mkoko hakiponi upesi. Ukivuka maji ya magotini juu ya mchanga, buruza miguu badala ya kuinyanyua ili samaki taa aliyelala chini ashtuke na kuondoka kabla hujamkanyaga. Maji ya kunywa chukua lita 3 kwa kila mtu. Hakuna duka Takwa. Mkate wa mofa, samaki wa kukaanga na tende vinatosha, na takataka zote zirudi Lamu. Kiingilio ni cha Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ulizia namna ya kulipa ukiwa bado mjini.

Kabla ya kuvuka kuna jambo moja ambalo wengi hawalifanyi, nalo ni kupita kwanza ile nyumba ya Kiswahili iliyofanywa makumbusho pale mjini Lamu. Ukishaona daka (kibaraza cha mlangoni), kiwanda (ua wa katikati), msana (chumba kirefu kinachotazama ua) na ndani katika nyumba iliyo na paa, utazisoma kuta za Takwa hata paa likiwa limekwenda. Bila hivyo utaona mawe tu.

Takwa ulikuwa mji mdogo wenye ukuta, uliokaliwa kati ya karne ya 15 na ya 17. Ulipohamwa watu wake wengi walivuka wakaenda Shela. Anza msikitini. Utaujua kwa nguzo ya duara iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, jambo ambalo ni nadra. Kwa kawaida nguzo za namna hiyo huonekana makaburini. Nyumba nazo karibu zote zimetazama kaskazini, yaani upande wa kibla. Nje ya mji liko kaburi la nguzo, na watu wa Shela bado huja kulizuru na kuomba mvua. Kwa hiyo usipande juu yake, usiegemee, na ukikuta watu katika ziara, kaa mbali mpaka wamalize.

Sasa inama utazame jiwe lenyewe. Kuna mawe ya aina mbili, na ukizitofautisha unajua fundi alikuwa anafikiria nini. Kujaza ukuta alitumia jiwe la matumbawe la nchi kavu, lenye mashimo mashimo, gumu, lisilokubali nakshi. Ndilo jiwe linalochongwa mpaka leo Maweni, hapo hapo Manda, likapakiwa majahazini kwenda kujenga Lamu. Kwenye mihirabu na vizingiti vya milango, alitaka pembe kali na mistari safi, akatumia tumbawe la baharini lililokatwa likiwa bichi. Likitoka majini ni laini, linakubali msumeno na patasi. Likikauka linakuwa gumu na jepesi. Utalitambua kwa vitundu vidogo vilivyopangana kama sega. Juu ya yote hayo ni chokaa, nayo pia ni matumbawe, yaliyopangwa juu ya magogo na kuchomwa, kisha yakaachwa yalowe na kulainika kabla ya kuchanganywa na mchanga.

Pima upana wa chumba kwa hatua. Utakuta karibu mita 2.5, mara chache kukaribia 3, iwe ni nyumba ya tajiri au ya mtu wa kawaida. Sababu ni boriti. Paa lilikuwa zito, mawe na chokaa juu ya miti ya mikoko, na boriti ya mkoko yenye unene wa kubeba uzito huo haivuki zaidi ya hapo bila kupinda. Tajiri hakuweza kupanua chumba, aliweza kukirefusha tu, au kuongeza kingine nyuma yake. Ndiyo maana vyumba ni virefu vyembamba, vimepangana kimoja nyuma ya kingine. Tazama juu ya kuta: pale paa lilipokaa utaona safu ya matundu yaliyoshika boriti. Boriti zenyewe zimeliwa na mchwa zamani.

Mchana jua likiwa utosini nakshi za chokaa hazionekani, na hesabu ya maji imekulazimisha uje mchana. Dawa ni tochi. Iweke kando ya ukuta, karibu kabisa, mwanga upite ubavuni badala ya kupiga mbele. Mikwaruzo, mistari ya fundi, hata michoro ya mashua iliyokwaruzwa na watu wa zamani kwenye chokaa, vyote hujitokeza. Kamera ya simu inapata picha nzuri hivyo kuliko kwa mwanga wake wenyewe.

Baada ya hapo fuata maji. Kwangu mimi hii ndiyo habari kubwa ya Takwa, na waongozaji wengi huipita haraka wakimbilie hadithi za vita. Tafuta kisima na birika la udhu penye msikiti. Chungulia mdomo wa kisima chochote cha zamani upapase kwa kidole: kamba za ndoo huacha michirizi ndani ya jiwe, na michirizi ikiwa mirefu ujue kisima kilivutwa vizazi na vizazi. Kisiwa kama Manda hakina mto. Maji matamu yote ni mvua iliyochujika kwenye mawe na kukaa chini kwa tabaka jembamba, likielea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Tabaka hilo likivutwa kupita kiasi, hesabu yake inatisha: kila sentimita moja inayoshuka juu, maji ya chumvi yanaweza kupanda karibu sentimita 40 chini yake. Kisima hakikauki, kinageuka chumvi, na kikishageuka kinahitaji mvua nyingi na mapumziko marefu ili kirudi. Miongoni mwa sababu zinazotajwa za watu kuhama Takwa, chumvi visimani ndiyo ninayoiona nzito. Tazama walikohamia: Shela, chini ya matuta ya mchanga ambayo hunyonya mvua na kuihifadhi, na ndiyo yanayonywesha mji wa Lamu mpaka leo. Anayejenga juu ya matuta yale angepelekwa kwanza Takwa, akaonjeshwa.

Kutoka magofuni kuna njia fupi ya kwenda upande wa bahari kuu. Mibuyu mikubwa, halafu vichaka, halafu matuta na pwani ndefu isiyo na mtu. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, hapo ni pazuri na nyasi zimelala, kuta zinaonekana. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari ile inapiga kwa nguvu na mkondo huvuta, tazama, usioge. Baada ya masika vichaka hufunika nusu ya mji. Kiangazi nacho kina upupu wake. Maganda yake ya hudhurungi yenye manyoya yakikugusa, usijikune na usifute kwa mkono, utayasambaza. Watu wa hapa hujipaka majivu yanyonye yale manyoya kisha huyapangusa, ndipo huoga.

Na kuta zisipandwe. Ukuta wa zamani hufa kuanzia juu: chokaa ya kichwani ikipasuka, mvua inaingia ndani, udongo unaoshwa, mbegu ya mtini inaota, mzizi unapanua ufa. Mguu mmoja wa mtu anayetaka picha unafanya kazi ya masika mazima. Wala saruji si dawa, ingawa utaiona imepakwa hapa na pale katika magofu ya pwani. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipumui. Unyevu na chumvi hufungiwa nyuma yake, na kinachobomoka ni jiwe la kale, saruji inabaki imesimama peke yake. Ukarabati wa kweli ni chokaa kwa chokaa.

Shanga ni habari nyingine, na usijaribu kuichanganya na Takwa siku moja. Magofu yake yako upande wa kusini wa kisiwa cha Pate, karibu na mji wa Siyu. Boti za abiria kutoka Lamu hupita mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, na Mkanda nao ni mwembamba, na kwa miaka mingi ulikuwa wa kina kifupi, saa za kuondoka zikifuata maji: ulizia saa za siku yako. Unashukia gati la Mtangawanda, kisiwani Pate. Kutoka hapo mpaka mji wa Pate ni kama saa moja kwa miguu, na Pate hadi Siyu kama saa mbili. Ziko bodaboda, na njia ni ya mchanga. Lala Siyu. Anayetaka kwenda na kurudi Lamu siku hiyo hiyo atayaona magofu kwa kukimbia, au hatayaona.

Pate penyewe pana magofu ya mji wa Wanabahani, ukoo uliotawala Pate, na watu hulima tumbaku katikati ya kuta. Uliza ruhusa kabla ya kukatiza, ni mashamba ya watu. Siyu kuna ngome ya karne ya 19 kando ya kijito, kutoka zama za Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na upinzani wa Siyu dhidi ya Zanzibar. Mji huo pia ulisifika kwa kunakili Kurani kwa mkono na kwa kazi za ngozi.

Kutoka Siyu hadi Shanga ni kama saa moja kwa miguu kupitia mashamba na vichaka, na hapo usiende bila kijana au mzee wa Siyu anayeijua njia. Vijia vinagawanyika mara nyingi na vingine vinaishia shambani kwa mtu. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijachoma.

Huko Shanga utaona machache kuliko Takwa, na mwenye kutaka kuta ndefu atasikitika. Thamani yake iko chini ya ardhi. Mwanaakiolojia Mark Horton alianza kuchimba hapo mwaka 1980, na chini ya msikiti wa Ijumaa akakuta msikiti mwingine, na mwingine chini ya huo, mpaka kufikia alama za nguzo za miti, msikiti wa mbao wa karne ya 8. Maana yake watu wa pwani hii walikuwa wakisali hapo zamani sana kabla ya majumba ya mawe. Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Simama ndani ya msikiti, tafuta mihirabu, kisha fikiria tabaka zote hizo zikiwa chini ya nyayo zako. Halafu toka nje kwenye makaburi, ni mengi, na baadhi yana fremu za tumbawe zilizochongwa vizuri kuliko chochote kilichobaki mjini.

Utasimuliwa kuhusu mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na jahazi wakaoa Pate. Sikiliza, ni hadithi tamu, ila vipande vya kaure utakavyoviona chini si ushahidi wake. Kaure ya Uchina ilifika kila mji wa pwani kwa biashara, mikono mingi katikati. Ya kijani iliyoiva kama jani la mchai ni ya zamani zaidi kwa kawaida. Nyeupe yenye maua ya buluu nyingi ni ya baadaye. Kiokote kipande, kitazame, kirudishe pale pale na uso ule ule juu. Kukichukua ni kosa chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006, na zaidi ya sheria, kipande kilichoondolewa mahali pake hakimwambii mtafiti kitu tena.

Kurudi, usiku ule ule unaolala Siyu ulizia boti ya kesho itaondoka Mtangawanda saa ngapi, na uulize watu wawili tofauti. Ikiwa boti ni ya alfajiri, mwenye bodaboda ni lazima aambiwe usiku, akubali, na uchukue namba yake. Fedha taslimu beba za kutosha kutoka Lamu kwa safari yote.